Viatu vya Gaspar

Jumamosi, saa nne asubuhi, Punta Arenas.
Upepo umeamka kabla ya watu.
Mtaani manispaa imefunga kamba kwenye nguzo
wapita njia wapate pa kushika.
Mimi nafungua chumba namba tatu,
nawasha hita, natandika mkeka,
naweka daftari magotini.

Kazi yangu ni kutazama.
Naandika saa na tendo, saa na tendo,
kisha karatasi zinapanda ghorofani kwa Jaji Oyarzo,
mama mwenye kikohozi na miwani mbili,
aliyeniambia siku ya kwanza:
"Ulichokiona niletee, Edelmira.
Ulichokihisi kaa nacho."

Ismenia huwaleta watoto kwa mlango wa nyuma.
Mlango wa mbele ni wa Radomiro.
Wasionane hata kisigino, ndivyo amri isemavyo.

Ndani ya faili, Ismenia amesema mambo manne.
Radomiro amekana matatu;
la nne, anasema, ni bahati mbaya, mlango ulikuwa mzito.
Jirani hakusikia kitu. Huku upepo
hula sauti zote, hausazi.
Daktari kaandika: mkono, wiki mbili, chanzo hakijulikani.

Husemwa wapiganapo mafahali wawili
ziumiazo ni nyasi.
Nimeigeuzageuza methali hii usiku kucha.
Wawili?
Nani aliwahesabu?

Na huyu baba, niseme kweli, anapendeza kutazamwa.
Anamenya chungwa kwa kidole gumba,
ganda moja refu lisilokatika,
analizungusha mkononi mwa Gaspar, linakuwa saa.
"Saa ngapi sasa, bwana mdogo?"
Gaspar, miaka mitatu, anacheka mpaka kwikwi.
Nimeandika: chungwa, kicheko.
Amparo, miaka saba, anakula vipande vyake
akivihesabu.

Saa nne na dakika ishirini na mbili
upepo ukabamiza mlango wa korido.
Mlango tu. Hakuna aliyekuwa karibu nao.
"Lo, nyumba itaruka hii!" Radomiro akacheka,
nami nikashtuka kama mtu yeyote.
Nilipogeuka
Amparo alikwisha piga magoti mbele ya mdogo wake,
kiatu cha kushoto kimeshavaa,
cha kulia anakikaza gidamu,
halii, hamtazami mtu,
vidole vinakwenda kama vya fundi
aliyeizoea kazi gizani.
Akamshusha kofia masikioni, akamshika mkono,
akasimama naye upande usio na dirisha.
Akangoja.

"Amparo, ni upepo, mwanangu."
Sauti ilikuwa laini. Hilo nimeliandika.
Na uso wake, kwa kupepesa kwa jicho,
ulikuwa wa mtu aliyeona mwandiko wake
kwenye mkono wa mwingine.
Mstari huo nikaufuta.
Ulikuwa wa kuhisi.

Jumatatu wakili wake alisimama:
"Mheshimiwa, mtoto kuvaa viatu si ushahidi."
Ni kweli. Watoto huvaa viatu.
Jaji akavua miwani ya mbali, akavaa ya karibu,
akausoma mstari, akaurudia,
akauliza swali moja:
"Upesi huu alijifunzia wapi?"

Ismenia alitazama mikono yake.
Radomiro alitazama mikono yake.
Hita ya mahakama ikanguruma peke yake.

Uamuzi: watoto wakae kwa mama.
Jumamosi ziendelee, saa mbili, chumba namba tatu,
mpaka Machi, kisha tutaona.
Baba ahudhurie kikundi cha Jumatano.
Kila mmoja alitoka na nusu asiyoitaka,
kwa mlango wake.

Jumamosi iliyofuata niliwahi na kichupa cha mafuta.
Nikapaka bawaba, nikakunja gazeti,
nikalipachika chini ya mlango wa korido.
Upepo ukaja, mlango ukanyamaza.
Radomiro alikuja na machungwa mawili.
Gaspar akakimbilia mkeka, akanyoosha miguu
dada yake amvue.

Amparo akaketi kando yake.

Nimeandika: saa nne kamili.
Viatu vimebaki miguuni.